Dai la Kweli na Stakabadhi ya Uongo

Swali tunaloliweka mbele yenu mwezi huu laweza kuonekana kuwa dogo, tena kuwa ni la wafanyabiashara tu. Lakini mkilichungua mtaona ya kuwa lamgusa kila mtu aliyepata kuandika barua ya ushahidi, au kutia sahihi yake chini ya maneno ya mwenzake. Swali lenyewe ni hili: Mtu aliyepata hasara ya kweli, naye adai haki yake ya kweli, akiongeza uongo mmoja ili dai lake lipokewe upesi, je, amepoteza haki yake? Na yule aliyewekwa kuzikagua hati zake, akiugundua uongo ule, afanye nini?

Na tulieleze kwa mfano. Fundi mmoja wa nguo ameunguliwa na duka. Duka lilikuwa na bima ya moto, na ada yake aliilipa kila mwaka bila kukosa. Moto ulianzia kwa jirani; yeye hana hatia yo yote. Ndani mlikuwa na cherehani nne, na stakabadhi za cherehani mbili ziliteketea mezani. Mkaguzi wa kampuni ya bima amwambia, "Lete stakabadhi, la sivyo hazihesabiwi." Fundi aenda kwa rafiki yake mwenye duka la vyombo, naye amwandikia stakabadhi mpya yenye tarehe ya zamani na bei ile ile aliyonunulia. Cherehani zilikuwako kweli. Bei ni ya kweli. Fundi hataki hata senti moja kupita hasara yake. Ila karatasi ni ya uongo.

Wako watakaosema, "Mtu huyu hakuiba kitu, alijitetea tu." Wako na watakaosema, "Mwongo ni mwongo, asipewe kitu." Sisi twaona ya kuwa majibu haya mawili yamekimbilia mwisho kabla ya kupita njia. Basi tuipite njia polepole.

1. Mfuko wa watu wengi

Watu wengi hudhani ya kuwa fedha za bima ni fedha za matajiri wenye kampuni, na ya kuwa mtu akichota kidogo humo hamwumizi mtu. Sivyo. Haba na haba hujaza kibaba. Watu elfu hutoa kila mmoja ada yake ndogo, ili wale wachache watakaopatwa na moto au mafuriko mwaka ule wasianguke kabisa. Kampuni hupata faida yake, ni kweli. Lakini kazi yake hasa ni kuutunza mfuko na kuyashika mapatano. Uongo ukizidi, ada hupandishwa. Na mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili hulipa sehemu ya uongo wa mtu asiyemjua.

Kwa sababu hiyo bima ya mali ina kanuni moja ya zamani: hurudisha kilichopotea, haitajirishi. Mwaka 1883 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua shauri la watu waliokuwa na nyumba katika mji wa Liverpool. Walikuwa wamepatana kuiuza kwa pauni 3,100. Kabla mauzo hayajatimizwa, moto ukaharibu sehemu ya nyumba, na kampuni ya bima ikawalipa pauni 330. Baadaye mnunuzi naye akalipa bei yote, bila kupunguza kitu. Hivyo wauzaji walikuwa wamepokea thamani yote ya nyumba yao, na juu yake pauni 330. Mahakama ikawaamuru wairudishe fedha ile ya bima. Hawakuwa wamesema uongo wala kughushi hati. Lakini hasara yao ilikuwa imekwisha kuzibwa, na bima haizibi shimo ambalo halipo tena.

Neno hili tulishike, maana laonyesha mpaka wa haki ya mdai. Haki yake ni hasara yake, wala haipiti hapo. Lakini pia haipungui hapo.

2. Kazi ya mkaguzi

Mtu aliyewekwa kukagua madai huletewa hati nyingi: mkataba wa bima wenyewe, orodha ya vitu vilivyoharibika, stakabadhi na ankara, picha, daftari za duka, taarifa ya polisi au ya zimamoto, makisio ya fundi atakayejenga upya. Katika hati hizo zote yampasa kutafuta majibu ya maswali manne, tena kwa utaratibu wake. Je, bima ilikuwa hai siku ile? Je, jambo lililoleta hasara ni mojawapo ya mambo yaliyopatanwa? Je, mdai ana haki katika mali ile, au ni mali ya mtu mwingine? Mwisho, hasara ni kiasi gani?

Mtazame ya kuwa katika maswali hayo manne hakuna hata moja lisemalo, "Je, karatasi zimetimia?" Karatasi si kitu kinachotafutwa, ni shahidi wa kitu kinachotafutwa. Na shahidi huulizwa. Ni nani aliyeiandika hati hii, na lini? Alikuwapo? Anapata nini ikiaminiwa? Je, yapatana na hati nyingine? Orodha yenye vitu vyote vipya kabisa katika nyumba ya miaka ishirini yamwonya mkaguzi mwenye akili. Vivyo hivyo stakabadhi kumi za miaka mbalimbali, zilizoandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, wala hazina mkunjo. Lakini mtu asiye na stakabadhi hata moja, akaweza kutaja kila kitu mahali pake, na jirani zake wakaulizwa mbalimbali wakataja yayo hayo, huyo ana ushahidi, ijapokuwa hana karatasi.

Basi mkaguzi aweza kukosea kwa njia mbili. Aweza kuamini kila karatasi kwa kuwa ni karatasi. Hapo wenye hila watamla. Tena aweza kuamini karatasi peke yake. Hapo maskini waliounguliwa na kila kitu watakosa haki yao, na wenye hila, ambao karatasi hazipungui kwao, watapita.

3. Meli iliyoingia maji

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Limepata kuamuliwa na mahakama kuu kuliko zote katika Uingereza, wala si zamani sana.

Mwezi Januari 2010 meli ya mizigo iitwayo DC Merwestone iliondoka Klaipėda, katika nchi ya Lithuania, imebeba vyuma chakavu kwenda Bilbao, Hispania. Ilikuwa baridi kali. Mabaharia walikuwa wametumia pampu ya kuzimia moto kuondoa barafu juu ya meli, wala hawakufunga vema mlango wa kuingizia maji ya bahari. Maji yaliyobaki ndani ya pampu yaliganda, yakaipasua. Baadaye maji ya bahari yakaingia, yakapita katika kuta za ndani ambazo hazikuzibwa sawasawa, yakafika chumba cha mashine. Mashine kuu ikaharibika kabisa. Hasara ilikuwa zaidi ya euro milioni 3.

Wenye meli walikuwa na bima, wakadai. Wenye bima wakauliza maswali mengi: maji yaliingiaje, na kwa nini hayakuonekana mapema? Msimamizi mmoja wa upande wa wenye meli, akitaka malipo yaharakishwe, aliandika ya kuwa mabaharia walimwambia kwamba kengele ya hadhari ya ngama, yaani ya sehemu ya chini ya meli ambamo maji hujikusanya, ililia yapata saa sita mchana, nao hawakuijali kwa kuwa walidhani ni kwa sababu ya meli kuyumba katika bahari chafu. Mabaharia hawakumwambia neno hilo. Yalikuwa mawazo yake mwenyewe, akayavika kinywa cha watu wengine.

Uongo ule haukuwa na faida yo yote. Mambo yote yalipochunguzwa ilionekana ya kuwa hasara ile ilikuwa ndani ya mapatano ya bima, kengele ilie isilie. Kama angalisema kweli tupu, au angalinyamaza, haki ya wenye meli ingalikuwa ile ile.

Hakimu wa kwanza, mwaka 2013, aliamua ya kuwa dai lote limepotea kwa ajili ya uongo ule. Aliona ya kuwa sheria hii ni kali kupita kosa lenyewe, ila alijiona amefungwa nayo. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ikasema vivyo hivyo. Ndipo tarehe 20 Julai 2016 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza ikaigeuza hukumu, majaji wanne dhidi ya mmoja. Wenye bima wakapaswa kulipa.

4. Hoja za pande mbili

Twapenda kuzieleza hoja za pande zote mbili kwa haki, maana kila upande una nguvu yake.

Majaji wanne walipambanua namna tatu za madai. Kwanza, dai la uongo mtupu, kama mtu achomaye nyumba yake mwenyewe. Pili, dai la kweli lililotiwa chumvi, kama mtu aliyepoteza magunia kumi akaandika thelathini. Katika namna hizi mbili mdai hupoteza vyote, hata yale magunia kumi ya kweli, ili mtu asione ya kuwa kujaribu kuiba hakuna gharama. Tatu, dai lililo la kweli lote, kwa kiasi chake halisi, likatiwa uongo wa kando tu. Hapo, wakasema, mdai hatafuti zaidi ya haki yake. Na uongo usiogusa haki hauwezi kuiondoa haki. Kumnyima mtu mamilioni aliyostahili kwa sababu ya neno moja lisilo na matokeo ni kumpa mwenye bima faida asiyoitolea jasho.

Jaji wa tano, Bwana Mance, alipinga. Alisema, kwa maana, ya kuwa madai ya bima husimama juu ya ukweli wa mdai, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye mambo. Mtu akijua ya kuwa uongo ukifaulu utamsaidia, na ukigunduliwa hautamgharimu, atakuwa na sababu gani ya kuuacha? Tena mkaguzi hawezi kujua mapema uongo upi ni wa kando na upi ni wa ndani, mpaka ametumia miezi na fedha kuchunguza. Na wakati huo wote anapotezwa njia.

Mtu mwenye moyo mnyofu akisoma hoja zote mbili ataona ya kuwa hazijibu swali moja. Majaji wanne wauliza, "Mwenye bima adaiwa nini?" Jaji wa tano auliza, "Mwongo amefanya nini?" Nasi twasema: maswali yote mawili ni halali, na kosa huanza pale jibu la moja likitumiwa kulijibu la pili.

5. Amri mbili, si moja

Sisi tuliofundishwa Katekisimo tunazo njia za kupambanua jambo hili tangu utoto. Tumezoea kuhesabu amri ya saba, inayokataza kuiba, na amri ya nane, inayokataza ushahidi wa uongo. Kwa nini ni mbili? Kwa sababu mtu aweza kuiba bila kusema uongo. Na aweza kusema uongo bila kuiba. Mfano wa fundi wa nguo ni wa namna hii ya pili. Hakuvunja amri ya saba, maana hakutaka kitu kisicho chake. Amevunja ya nane, tena amemvuta rafiki yake aivunje pamoja naye.

Basi asimwite mtu mwizi asiye mwizi. Wala asimwite mkweli asiye mkweli. Hasara ya fundi yadai malipo. Uongo wake wadai toba na kurekebishwa. Malipo hayaufuti uongo, na uongo haufuti hasara. Mkaguzi aliyeigundua ile stakabadhi afanye hivi: aiondoe kabisa katika ushahidi, maana haifai kitu; azitazame hati nyingine zote kwa macho makali zaidi, maana ameonywa; kisha aulize kama cherehani mbili zile zathibitika kwa njia nyingine. Zikithibitika, zilipwe. Zisipothibitika, zisilipwe; na fundi asimlaumu mtu ila nafsi yake, maana yeye ndiye aliyemfanya mkaguzi asiliamini neno lake.

Mtu atasema, "Basi mwafungua mlango. Kila mtu ataghushi stakabadhi, akijua ya kuwa atalipwa tu." La. Hukumu ile ya mwaka 2016 ni ya Uingereza, wala mtu wa mahali pengine asijifunike nayo kama blanketi. Tena kughushi hati ni kosa lenye adhabu yake mbele ya sheria, hata kama fedha iliyodaiwa ni haki. Lakini hata pasingalikuwa na adhabu yo yote, uongo ule una gharama ambayo fundi haioni. Kesho mwanamke wa mtaa ule ule ataunguliwa na duka, naye ataleta stakabadhi za kweli kutoka kwa mwenye vyombo yule yule. Mkaguzi atazitazama, atakumbuka, atazitupa. Yule rafiki aliyetia mhuri wake juu ya karatasi ya uongo ameuharibu mhuri wake juu ya karatasi za kweli pia. Hiyo ndiyo mali iliyoibwa hapa: si fedha za kampuni, bali uaminifu wa mtaa mzima.

6. Mji ulioungua pamoja na karatasi zake

Lakini tusimtazame mdai peke yake. Amri ya nane, kama ilivyoelezwa katika Katekisimo Ndogo, haikomi katika kukataza uongo. Yatutaka pia tumtetee jirani na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Hilo lamhusu mkaguzi.

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la nchi liliupiga mji wa San Francisco, katika Marekani. Mabomba ya maji yakapasuka, moto ukawaka pande nyingi, ukaendelea siku tatu. Majengo yapata 28,000 yaliteketea, na watu zaidi ya 200,000 wakakosa makao. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 3,000 au zaidi.

Bima za mji ule kwa kawaida zilikuwa za moto, si za tetemeko. Na mikataba mingi ilikuwa na neno hili: jengo likianguka kwa sababu isiyo moto, bima yake hukoma papo hapo. Basi swali kubwa likawa: nyumba hii ilikuwa imesimama bado, moto ulipofika? Lakini nani angaliweza kusoma jibu katika majivu? Picha zilizopigwa katika saa zile chache kati ya tetemeko na moto zikawa mashahidi wa thamani. Tena kulikuwa na waongo kweli kweli: kapteni mmoja wa jeshi aliandika ya kuwa aliambiwa na mzima moto kwamba watu walikuwa wakizichoma nyumba zao zilizobomoka, kwa kuwa walijua hawatalipwa wasipoungua.

Katika hali hiyo wenye bima walitengana. Wengine walikataa kulipa. Wengine walikata robo ya kila dai, la mkweli na la mwongo pamoja. Njia hii ya pili yaonekana kuwa ya upole, lakini kwa kweli ni dhuluma ya pande zote: mwongo amelipwa robo tatu za uongo wake, na mkweli ametozwa robo ya haki yake kwa ajili ya dhambi ya mwingine. Ni kazi ya mkaguzi aliyechoka kupambanua.

Walikuwako na wengine. Cuthbert Heath, mwenye bima wa Lloyd's huko London, alimpelekea wakala wake simu ya maandishi awalipe wenye bima wake wote kwa ukamilifu, pasipo kushikilia vifungu vya mikataba. Kampuni ya Fireman's Fund, ya mji ule ule, iliunguliwa na jengo lake na daftari zake. Na madai yalipita mali yote iliyokuwa nayo. Haikusema, "Hatuna daftari, hatuwezi kujua." Ilipatana na wadai wake, ikawalipa karibu nusu kwa fedha na nusu kwa hisa za kampuni mpya, ikaendelea. Na mwaka ule ule wa 1906 serikali ya California ilitunga sheria ili wenye ardhi, ambao hati zao ziliteketea katika ofisi ya serikali, waweze kuithibitisha haki yao mahakamani kwa ushahidi mwingine. Watu wale walitambua jambo lililo rahisi kusahauliwa: karatasi ikiungua, haki haijaungua.

Hapa twaona kosa la mkaguzi katika mfano wetu wa kwanza. Alisema, "Lete stakabadhi, la sivyo hazihesabiwi," kwa mtu ambaye stakabadhi zake ziliungua katika moto ule ule anaoudai. Neno hilo halimsamehe fundi. Aliyeghushi ni yeye. Lakini mkaguzi akidai kwa mtu kitu kisichowezekana, asishangae akiletewa kitu kisicho kweli. Angalisema, "Kama stakabadhi zimeungua, nionyeshe kwa njia nyingine: picha, kitabu cha muuzaji, ushahidi wa wateja, vyuma vilivyobaki katika majivu," fundi asingalikuwa na sababu ya kwenda kwa rafiki yake usiku. Hata vyuma vile vya cherehani katika majivu vingaliweza kuhesabiwa.

7. Imani njema ni ya pande mbili

Watu wa bima hupenda kusema ya kuwa mkataba wao husimama juu ya imani njema iliyo kuu kuliko ya mikataba mingine. Ni kweli. Lakini wengi hulitumia neno hili kama fimbo ya kumpigia mdai peke yake, nao wamesahau lilikotoka. Mwaka 1766 jaji mkuu wa Uingereza, Bwana Mansfield, aliamua shauri la gavana wa ngome moja katika kisiwa cha Sumatra. Ngome ile ilikuwa na bima dhidi ya kutekwa na adui, nayo ilitekwa na Wafaransa. Mwenye bima alikataa kulipa, akisema ya kuwa hakuambiwa udhaifu wa ngome. Mansfield alieleza kanuni ya imani njema, ambayo hutajwa mpaka leo katika vitabu vya sheria. Lakini katika shauri lile lile gavana alishinda. Mwenye bima alikuwa akiijua hali ya mambo, au angaliweza kuijua kwa urahisi. Akapokea ada akinyamaza, akangoja hasara ndipo aulize. Imani njema ilimfunga yeye.

Basi mkaguzi anayepitia hati hamsini akitafuta kosa moja la herufi ili asilipe, naye amevunja agano. Amegeuza kukagua kuwa kuwinda. Vivyo hivyo yule anayemrudisha mdai mara tano, kila mara akitaka hati moja aliyoweza kuitaja siku ya kwanza. Kuchelewesha ni namna ya kukataa isiyo na ujasiri wa kusema la.

8. Neno kwetu sisi

Huenda wachache kati yetu ni wakaguzi wa bima. Lakini katika mitaa yetu mwalimu, mzee wa kanisa na mtunza hazina huombwa mara nyingi kuandika barua: "Mthibitishe ya kuwa nyumba ya fulani ilikuwa na vitu hivi." Hatuwezi kukataa, maana jirani yetu ameunguliwa. Wala hatuwezi kuandika kila tunachoambiwa. Yatupasa kushika haya.

Kwanza, andika uliloliona kwa macho yako, na useme ya kuwa uliliona. Uliloambiwa, sema ya kuwa uliambiwa, na nani. Kosa la yule msimamizi wa meli lilikuwa hili hasa: aliyaandika mawazo yake kana kwamba ni ushahidi wa wengine.

Pili, usibadili tarehe. Barua iliyoandikwa leo juu ya mambo ya mwaka jana ni ushahidi halali, ikiwa ina tarehe ya leo. Ikitiwa tarehe ya mwaka jana, imekuwa uongo, hata kama kila neno lililomo ni kweli.

Tatu, tujiwekee mashahidi kabla ya hasara. Kila nyumba, kila duka, na kila kanisa liwe na orodha ya vitu vyake, pamoja na stakabadhi. Siku hizi simu hupiga picha. Piga picha ya kila chumba. Kisha nakala zikae mahali pengine, si chini ya paa lile lile.

Nne, ukikosa karatasi, sema, "Sina, iliungua." Maneno haya ni mafupi, nayo ni ya kweli, na mkaguzi mwema ajua la kufanya nayo. Na kama mkaguzi si mwema, ziko njia za kumshitaki bila kughushi kitu: katika Tanzania, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, iko mamlaka inayosimamia kampuni za bima, na yuko msuluhishi wa migogoro ya bima kwa ajili ya mtu aliyenyimwa haki yake.

Hivyo twajibu swali letu. Uongo wa kando haumnyimi mtu haki iliyo yake; na aliye na hasara ya kweli alipwe hasara yake, asipunguziwe. Lakini haki yake isimfanye audharau uongo wake. Mwenye dai la kweli ndiye aliye na sababu kuliko watu wote ya kusema kweli tupu, maana ukweli peke yake watosha kumtetea. Akiuchanganya na uongo, amemchukua shahidi wake aliye bora, akamfunga kinywa.